Alilinda kioo, akasahau miguu yake

Pini ilikuwa imezama kwenye unyayo wa mguu wa kulia, na mwenye mguu alikuwa ameketi kwenye kochi akila ugali kwa dagaa. Mkewe ndiye aliyeona damu sakafuni, tone moja moja kutoka mlangoni. Alidhani mtoto amejikata. Alipoyafuata matone yale, yakamfikisha kwa mumewe.

“Baba watoto, umekanyaga nini?”

“Wapi?” aliuliza mume, akiinua mguu wa kushoto.

Mke ni fundi cherehani, na katika nyumba yao ya kupanga huko Mbagala, Dar es Salaam, hakuna ambaye hajawahi kukanyaga pini zake akapiga yowe. Safari hii hakukuwa na yowe. Mume aliichomoa pini ile kama mtu anayechomoa mwiba kwenye ndala, akaifuta, akampa mwenyewe, akaendelea kula.

Usiku ule mke hakupata usingizi. Alikumbuka kwamba wiki mbili kabla, wakitoka sokoni, mumewe aliacha ndala moja nyuma na kutembea hatua kama kumi bila kujua. Walicheka sana siku ile. Alikumbuka vikombe viwili vilivyomponyoka mkononi ndani ya mwezi mmoja. Alikumbuka malalamiko yake ya usiku kwamba vidole vya miguu vinachoma kama vimepakwa pilipili. Kila jambo lilipotokea lilipewa sababu yake: uchovu, joto, kusimama kutwa nzima. Sasa alipoyaweka yote pamoja, hakuna sababu hata moja iliyotosha.

Nailoni ya laki mbili na themanini

Mume ana miaka 34 na ni fundi simu. Kibanda chake cha mbao na bati kinatazamana na baraza ambako mkewe ameweka cherehani. Alianza kwa kubadilisha betri na sehemu za kuchajia, kisha akaingia kwenye vioo, kwa sababu kwenye vioo ndiko kwenye fedha.

Miaka michache iliyopita aliletewa simu ya gharama iliyopasuka kioo. Kioo chake hakikuwa kile kigumu alichokizoea. Kilikuwa cha aina mpya, chembamba na laini, kinachopinda pembeni kufuata umbo la simu. Aliagiza kingine Kariakoo kwa shilingi 280,000. Kilikuja kimefunikwa nailoni mbele na nyingine nyuma, kila moja ikiwa na kiulimi kidogo cha rangi cha kushikia.

Kwenye vioo vigumu, fundi alikuwa na mtindo wake: anashika kiulimi, anavuta mara moja, fyaa, nailoni inatoka. Mafundi wengi wanaupenda mlio ule, na wateja pia. Basi akafanya vilevile. Simu ilipowashwa, mstari wa kijani ulikatiza kioo kutoka juu hadi chini. Kufikia jioni doa jeusi lilikuwa limeota kwenye kona ile ile aliyoanzia kuvuta, na kesho yake lilikuwa limeenea kama wino kwenye kitambaa.

Mteja alitaka kioo kingine, na alikuwa na haki. Fedha za kukinunua zilitoka kwenye mchezo wa mkewe, zamu aliyoisubiri miezi minane ili anunue mashine ya kudarizi. Mke alizitoa bila kusema neno. Ukimya ule ulimuuma fundi kuliko ambavyo angeumizwa na maneno, na akaapa kwamba hataharibu tena kioo kwa kubandua nailoni.

Kinachotokea kiwandani

Alianza kusoma. Usiku, watoto wakilala, alitazama video zinazoonyesha jinsi vioo hivi vinavyotengenezwa katika viwanda vya Korea Kusini na China. Aligundua kwamba kazi aliyoiona kuwa ndogo, ya kutoa nailoni, ni mojawapo ya hatua zinazowatoa jasho wahandisi.

Kioo laini huanza maisha yake juu ya kioo kigumu. Kiwandani humimina juu ya bamba la kioo plastiki ya majimaji yenye rangi ya asali, iitwayo polaimidi, kisha huipika kwenye joto kali mpaka ikauke na kuwa utando mwembamba kuliko unywele wa binadamu. Juu ya utando huo hujengwa saketi za umeme, na juu ya saketi huwekwa tabaka za kemikali zinazotoa mwanga, ambazo ndizo zinazoitwa OLED.

Kemikali hizo zina adui wawili, unyevu na hewa ya oksijeni. Vikiingia hata kwa tundu lisiloonekana kwa macho, sehemu iliyoguswa hufa na kuwa nyeusi. Ndiyo maana hufunikwa kwa tabaka nyingine nyembamba mno za kuzuia hewa na maji. Juu kabisa hubandikwa nailoni ya muda, ambayo kazi yake ni kuzuia vumbi na mikwaruzo wakati kioo kikipita mashine moja hadi nyingine.

Baada ya hapo, mwanga wa leza hupigwa kupitia chini ya lile bamba gumu. Polaimidi huachia, na kioo laini hubaki peke yake, chepesi kama karatasi. Hubandikwa mgongo wa plastiki ili kipate nguvu kidogo, hukatwa kwa ukubwa wa simu, na ndipo nailoni ya juu inapotakiwa kutoka ili tabaka nyingine ziwekwe mahali pake.

Hapo ndipo penye hatari. Nailoni ikivutwa, inavuta pia kila kilicho chini yake. Kama gundi yake imeshika kwa nguvu kuliko tabaka za chini zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe, basi zitakazoachana ni tabaka za chini. Hewa itaingia, na doa jeusi litaota.

Hatari ya pili ni umeme tuli, ule unaofanya nywele zisimame mtu akivua sweta wakati wa baridi. Kubandua nailoni huzalisha umeme wa aina hiyo, na kadiri inavyovutwa kwa kasi ndivyo unavyoongezeka. Mkono wa mtu hauuhisi, lakini saketi za kioo zinaweza kuungua. Ule mstari wa kijani alioulipia mkewe yawezekana ulitokana na huo.

Kwa hiyo viwandani kioo hulazwa juu ya meza yenye matundu madogo yanayokifyonza kisiinuke. Mashine huanza kwenye kona, huinua ncha ya nailoni kwa mkanda wenye gundi, kisha huikunja kurudi nyuma na kuivuta kwa mwendo ule ule, bila kushtua. Vipulizio maalumu hupuliza hewa yenye chaji ili kuua umeme tuli. Zipo pia nailoni ambazo gundi yake hulegezwa kwa mwanga wa urujuanimno kabla ya kuvutwa, ili iachie yenyewe bila kubaki juu ya kioo.

Siku fundi alipomsimulia mkewe hayo yote, mke hakushangaa.

“Ni uzi wa kushikizia huo,” alisema. “Ukishikiza gauni kwa uzi mgumu kuliko wa kushonea, siku ya kuutoa unachana gauni. Uzi wa muda unatakiwa uwe dhaifu kuliko wa kudumu, na unauchomoa polepole.”

Fundi alikiri baadaye kwamba hakuna video iliyoeleza jambo lile kwa ufupi namna hiyo.

Nailoni isiyotakiwa kutoka

Kosa lake halikuwa la mafundi wa vibandani peke yao. Aprili 2019, kampuni ya Samsung ilipowapa waandishi wa habari za teknolojia simu yake ya kwanza ya kukunja, Galaxy Fold, yenye bei inayokaribia dola 2,000, baadhi yao waliona utando juu ya kioo, wakadhani ni nailoni ya dukani, wakaubandua. Simu zikafa mikononi mwao. Ule utando ulikuwa sehemu ya kioo chenyewe. Samsung iliahirisha uzinduzi, na simu ilipoingia sokoni Septemba mwaka huo, kingo za utando zilikuwa zimerefushwa mpaka chini ya fremu ili mtu asipate ncha ya kushika.

Fundi aliipenda sana habari hiyo. Aliwasimulia wateja wake kila mara, na aliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya meza yake: “Jua kwanza ipi ya kutoa na ipi ya kuacha.”

Akawa hodari. Alinunua mkeka wa mpira wa kuzuia umeme tuli na kamba ya kuvaa mkononi iliyounganishwa na ardhi. Alikilaza kioo, akaishika nailoni kwa kiulimi chake, akaikunja na kuivuta taratibu huku akihesabu moyoni. Tangu siku hiyo hakuharibu kioo kingine kwa kubandua. Mafundi wenzake wakaanza kumletea kazi zilizowashinda: kutoa tabaka la juu lililopasuka na kuacha kioo laini cha chini kikiwa kizima, ili mteja asinunue kioo kipya.

Kazi hiyo inalipa, lakini ina mabaki. Tabaka la zamani linapotoka huacha gundi, na gundi ya simu iliyotumika mwaka mzima huwa kaidi. Hapo ndipo iliponunuliwa chupa.

Chupa yenye maandishi madogo

Ilikuwa chupa ya plastiki yenye maji meupe, iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Aliyemuuzia aliiita “dawa ya gundi”. Spiriti aliyokuwa akitumia awali ilichelewa kukauka na kuacha ukungu. Dawa hii ilikauka kabla hajahesabu tatu na kuacha kioo kinang’aa. Chupa ya kwanza ilidumu mwezi. Kazi zilipoongezeka, chupa ikawa ya wiki.

Tatizo lililobaki lilikuwa vumbi. Mbagala barabara ni ya vumbi, na chembe moja ikinasa katikati ya tabaka mbili, kazi nzima inarudiwa. Kwenye video aliona vyumba vya viwandani visivyo na vumbi, watu wamevaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Akaona na yeye afanye alivyoweza. Alibandika karatasi za nailoni ukutani, akaziba dirisha, akazima feni, na kila alipoanza kusafisha kioo alifunga mlango. Akavaa barakoa ya kitambaa na glavu nyembamba za mpira.

Alikuwa ameiga chumba cha kiwanda kwa macho. Ambacho video hazikumwonyesha ni mitambo iliyoko juu ya dari na chini ya sakafu, inayochuja hewa na kuibadilisha saa zote. Chumba kile hakina vumbi kwa sababu hewa yake haikai. Kibanda chake hakikuwa na vumbi kwa sababu hewa yake haitoki.

Mchana, jua likiwa kali barazani, mkewe alikuwa akimlaza mtoto wao wa mwisho kwenye mkeka chini ya meza ya kibanda hicho. Palikuwa kimya, na mtoto alilala haraka.

“Unafanya kazi gani?”

Baada ya tukio la pini, mke alimpeleka mumewe kituo cha afya. Alipimwa sukari, kwa kuwa ganzi ya miguu mara nyingi ni dalili ya kisukari. Sukari ilikuwa sawa. Alipewa vidonge vya vitamini. Wiki tatu baadaye ganzi ilikuwa imepanda mpaka kwenye vifundo, na alianza kujikwaa ngazi ya mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Walipopewa rufaa kwenda hospitali kubwa, mke alipita kibandani kwanza. Alichukua chupa, akaifunga kwenye mifuko miwili, akaitia kwenye mkoba. Hakumwambia mumewe. Alikuwa amekumbuka kwamba siku za Jumapili, kibanda kikiwa kimefungwa, mumewe huamka bila maumivu ya kichwa.

Daktari alimfumbisha macho mgonjwa, akamgusa vidole vya miguu kwa pamba, kisha kwa chuma kinachotetema. “Ukihisi, sema.” Mke alikuwa amesimama pembeni, anaona pamba ikigusa na mumewe amenyamaza. Alisema baadaye kwamba dakika ile ilikuwa ngumu kuliko siku ya pini.

“Unafanya kazi gani?” daktari aliuliza.

“Fundi simu.”

“Unasafishia nini?”

Fundi alianza kueleza kuhusu spiriti. Mke akafungua mkoba, akaweka chupa mezani.

Daktari aliisogeza kwenye mwanga na kusoma maandishi madogo kwa muda mrefu. Neno alilolitafuta lilikuwepo: heksani. Kipimo cha mishipa ya fahamu kilichofanyika baadaye kilionyesha kwamba taarifa kutoka miguuni zilikuwa zinasafiri polepole kuliko kawaida.

Heksani ni majimaji yanayopatikana katika aina nyingi za gundi, thina na dawa za kusafishia mafuta, na kiasi fulani kimo hata kwenye petroli. Yakivutwa kwa pumzi siku hadi siku, mwili huyageuza kuwa sumu inayoharibu mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu zaidi, ndiyo maana vidole vya miguu hutangulia. Huanza kwa ganzi na kuchoma, kisha udhaifu. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, haizuii mvuke. Glavu nyembamba za mpira hupitisha. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini.

Mke aliposikia neno “chini”, aliuliza kuhusu mtoto kabla daktari hajamaliza sentensi. Mtoto alipimwa siku iliyofuata, hakuonekana kuwa na tatizo. Mke analitaja jambo hilo mpaka leo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kulisikia.

Wenzake wa Suzhou

Daktari aliwaambia jambo ambalo fundi hakulitarajia, kwamba ugonjwa wake si mpya kwa watu wa vioo. Katika kiwanda cha kampuni ya Wintek mjini Suzhou, China, wafanyakazi waliokuwa wakifuta vioo vya simu walibadilishiwa dawa. Pombe ya kusafishia iliondolewa, ikaletwa heksani, kwa sababu ilikauka haraka na kazi ikaenda mbio. Chumba kilifungwa ili vumbi lisiingie. Baada ya miezi kadhaa walianza kulalamika ganzi, mikono ikakosa nguvu, wengine wakashindwa kutembea vizuri na kulazwa hospitalini kwa miezi.

Mwaka 2011, kampuni ya Apple, ambayo ilikuwa mnunuzi wa vioo hivyo, ilieleza katika ripoti yake kwamba wafanyakazi 137 wa kiwanda hicho waliathirika. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilipiga marufuku heksani, pamoja na benzeni, katika hatua za mwisho za kuunganisha simu zake.

Fundi alisikiliza bila kusema. Wakiwa kwenye daladala kurudi nyumbani, alimgeukia mkewe.

“Wale watu walikuwa na kiwanda, na mabosi, na wahandisi. Kila kitu kimepimwa kwa ajili ya kioo.”

“Na wewe hukuwa na bosi,” mke alijibu. “Ulijifanyia mwenyewe.”

Kibanda kilichofunguliwa

Habari njema aliyopewa fundi ni kwamba ganzi ya heksani mara nyingi hupungua mtu akiachana nayo. Habari ngumu ni kwamba huweza kuongezeka kwa wiki kadhaa kwanza hata baada ya kuacha, na kupona huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa kwanza alizidi kudhoofika, na kuna asubuhi mke alimfunga kamba za viatu huku watoto wakitazama. Kwa miezi minne kipato cha nyumba kilitoka kwenye cherehani.

Katika miezi hiyo walikifungua kibanda. Karatasi za ukutani zilitolewa, dirisha likazibuliwa, likawekwa la pili upande wa pili ili hewa ipite. Feni iligeuzwa: haipulizi tena kumwelekea fundi na kioo chake, inavuta hewa kutoka mezani na kuitupa nje. Vumbi lilitafutiwa dawa nyingine. Kioo husafishwa ndani ya kiboksi kidogo chenye uso wa plastiki angavu na matundu ya kuingiza mikono, na sakafu hupigwa maji kila asubuhi.

Namna ya kubandua nayo ilibadilika. Fundi aligundua kwamba gundi nyingi aliyokuwa akiifukuza kwa dawa ilitokana na haraka. Tabaka likivutwa kwa kushtua huchanika na kuacha vipande. Likipashwa joto kiasi, likavutwa taratibu kwa kulikunja, huondoka na sehemu kubwa ya gundi yake. Inayobaki huiviringisha kwa kipande cha mkanda wa gundi, maana gundi huitii gundi mwenzake. Mwisho kabisa hupangusa kwa kitambaa chenye pombe kidogo ya kusafishia vifaa vya umeme, dirisha likiwa wazi na jiko la mkaa la jirani likiwa mbali, kwa sababu pombe nayo hushika moto. Kwa hiyo uangalifu ule ule unaookoa kioo unaiokoa na pumzi yake.

Mafundi wenzake hawakumwelewa mara moja. Wengi bado wanatumia petroli, ambayo ni rahisi na inapatikana kila kona, ingawa pamoja na heksani ina benzeni, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Mmoja alimwambia, “Kaka, sisi tumezoea.” Fundi hakubishana. Alivua kiatu na soksi, akamwomba amchome unyayo kwa kijiti cha kibiriti huku yeye akitazama pembeni, na amwambie amechoma mara ngapi. Yule kijana alichoma mara tano. Fundi alihesabu mbili. Wiki hiyo hiyo kijana alifungua dirisha lake.

Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala wa serikali, OSHA, wa kuisimamia. Lakini mkaguzi hawezi kufika kwenye kila kibanda cha futi nane kwa sita. Mara nyingi mkaguzi wa kwanza wa kibanda ni mtu wa nyumbani: yule anayefua nguo na kusikia harufu, anayeona ndala iliyoachwa nyuma, anayejua siku gani kichwa kinauma na siku gani hakiumi. Kwa mke huyu haikuwa elimu ya kemia iliyomsaidia. Alihesabu matukio, akakataa kuyapa kila moja sababu yake ndogo, akabeba chupa.

Dalili za kuangaliwa na familia yenye fundi wa simu, wa viatu, wa rangi au wa makochi ni hizo hizo: ganzi au kuchoma kwenye vidole vya miguu na mikono, vitu kuponyoka, kujikwaa mahali alipopazoea, kichwa kuuma siku za kazi na kutulia siku za mapumziko. Anayekwenda hospitali na dalili hizo aende na jina la dawa anayotumia, au chupa yenyewe ikiwa imefungwa vizuri. Na mtoto asilazwe mahali pa kazi, hata pakiwa kimya kiasi gani.

Yale maandishi ya wino mzito bado yapo juu ya meza ya fundi: “Jua kwanza ipi ya kutoa na ipi ya kuacha.” Chini yake mkewe ameongeza mstari kwa chaki ya cherehani, na kila inapofutika huuandika upya: “Na wewe unapumua nini?”

Mashine ya kudarizi ilinunuliwa mwezi wa kumi na moja baada ya hospitali. Jioni ilipoletwa, mume aliisukuma ndani bila viatu, na katikati ya sebule akaruka kwa mguu mmoja na kupiga yowe lililowaleta majirani mlangoni.

“Mama watoto! Pini zako hizi!”

Mkewe alikaa chini sakafuni akacheka, na watoto hawakuelewa kwa nini mama anacheka huku machozi yanamtoka. Kidole kidogo cha mguu wa kulia hakijarudi mpaka leo. Vingine vyote vinaumia vizuri kabisa.